Siku nzima kwenye makorongo ya Karijini: gumu kwanza, Fern Pool mwisho

Karijini ni hifadhi ya taifa iliyoko Pilbara, jimbo la Western Australia, kama kilomita 1,400 hivi kaskazini mwa Perth. Ukitoka Perth kwa gari hiyo ni safari ya siku mbili kama unajipenda. Wapo wanaoikimbiza siku moja, masaa kumi na tano kumi na sita kwenye usukani, wanafika macho mekundu kuliko udongo wa huko, na kesho yake wanataka kushuka korongo. Lala njiani. Huko chini utahitaji miguu inayokusikiliza.

Hapa naelezea siku moja tu katikati ya safari ya kambi, siku ya makorongo, kwa mtu aliyekwisha piga hema lake kwenye kambi ya Dales, ndani ya hifadhi. Kosa ninaloliona kila msimu ni watu kupanga siku kwa kilomita. Wanaangalia ramani, wanaona njia ni kilomita moja, nyingine kilomita mbili, wanasema aa hizi tunamaliza zote kabla ya chakula cha mchana. Karijini haihesabiwi hivyo. Hapa njia ya kilomita moja inaweza kukula masaa matatu maana nusu yake uko ndani ya maji, nusu nyingine umekumbatia ukuta wa mwamba, na maji yenyewe ni baridi ya kukukata pumzi hata kama juu kwenye maegesho watu wanakaangika. Kwa hiyo siku inapangwa kwa vitu vitatu: miguu ina nguvu saa ngapi, jua liko wapi, na maji baridi utayaingia muda gani. Ukipanga hivyo mengine yanajipanga yenyewe.

Ratiba ninayoipenda mimi: asubuhi gari mpaka upande wa Weano, korongo la Hancock kwanza, chakula, bwawa la Handrail Pool, halafu unarudi Dales na kumalizia bwawa la Fern Pool. Ngumu mwanzoni, tamu mwishoni. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaanza Fern Pool kwa kuwa iko karibu na kambi, wanaganda asubuhi asubuhi, halafu wanafika Hancock saa tisa wakiwa wamechoka na jua limeshahama. Huo upande wenye miamba inayoteleza hauutaki na miguu iliyochoka.

Kabla hata hujafika

Nenda kati ya Mei na Septemba. Ndio msimu wa ukavu, mchana joto linavumilika, usiku baridi kweli, Julai inaweza kukaribia sifuri kwa hiyo sliping begi ya kitoto iache nyumbani. Kiangazi cha huko, kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi, joto linapita nyuzi 40 na ndio wakati wa radi na vimbunga, na mvua ni jambo ambalo nitalirudia chini kwa sababu ndilo linaloua.

Nafasi ya kambi Dales unabuku mtandaoni kupitia mfumo wa hifadhi za jimbo, na likizo za shule za Julai zinajaa miezi kabla, usije na imani tu. Ada ya kuingia hifadhini inalipwa kwa gari, ada ya kulala kwa kichwa. Ukiwa na mpango wa kupita hifadhi kadhaa za jimbo hilo kwenye safari moja, cheki pasi ya pamoja, mara nyingi inatoka nafuu. Mbwa haruhusiwi, droni bila kibali hairuhusiwi, na kuni hakuna: moto wa kuni umepigwa marufuku kwa hiyo beba jiko la gesi. Dales kuna vyoo vya shimo na nafasi ya kuegesha na kulala, basi. Umeme hakuna. Mtu anayetaka bafu na kitanda aangalie ile Eco Retreat karibu na korongo la Joffre, inamilikiwa na shirika la wenyeji, ila jiandae kutoa dola.

Mafuta, chakula na maji jaza Tom Price, ndio mji wa karibu, zaidi ya saa moja ya gari kutoka Dales. Maji piga hesabu lita nne kwa mtu kwa siku ya kutembea na kupika, halafu ongeza akiba kwa sababu gari likiharibika huko hakuna kioski. Mtandao wa simu pia usahau, sehemu kubwa ya hifadhi haushiki. Hiyo ina maana ramani unadaunilodi ukiwa mjini, na mtu nyumbani anajua umeenda korongo gani na utarudi lini. Kama mnaenda peke yenu kabisa, beba kile kifaa kidogo cha dharura cha setilaiti, kile kinachotuma ishara kwa megahezi 406, ukikibonyeza ishara inakwenda moja kwa moja kwa waokoaji. Australia unakisajili bure. Namba ya dharura ni 000 lakini nimeshasema, simu haishiki, 000 bila mtandao ni namba tu.

Mzigo wa siku

Viatu kwanza maana ndivyo vinavyoamua siku yako. Unataka viatu unavyokubali kuviloanisha, vyenye soli ya mpira laini inayong'ata mwamba. Raba kuukuu zenye meno bado zinafaa, viatu vya kuogelea vyenye soli nene vinafaa. Buti kubwa za ngozi zinajaa maji zinakuwa mzigo, na ndala ni kujitafutia kesi. Peku pia hapana. Mwamba wa Karijini ni wa chuma, umesuguliwa na maji miaka na miaka, ukiwa mkavu unashika vizuri sana na ukilowa unageuka sabuni. Soksi za sufu kavu ziache kwenye gari, ukitoka majini utanishukuru.

Halafu begi lisiloingiza maji, lile la kukunja mdomo. Ndani yake: jaketi la joto, chakula kidogo cha sukari, tochi ya kichwani, bandeji mbili tatu, simu ya kupigia picha. Begi liwe la mgongoni, mikono yote miwili iwe wazi, hii sio ushauri wa hiari, kuna sehemu utahitaji mikono miwili na ungekuwa na wa tatu ungeutumia. Kama una wetisuti nyembamba, ile suti ya mpira ya kuogelea kwenye maji baridi, ichukue. Utaona watalii wanaoongozwa na viongozi wa kampuni wamevaa wetisuti na helmeti mchana wa jua kali na utacheka, mpaka uingie majini.

Kofia, na wavu wa usoni wa nzi. Nzi wa huko hawang'ati, wanakaa tu, wanakaa kwenye kona ya jicho, kwenye mdomo, puani, wanataka unyevu wako. Chini korongoni wanapungua. Losheni ya jua paka asubuhi mapema ikauke, usijipake halafu ukaruka ndani ya bwawa, yale mabwawa mengi maji yake hayaendi popote kwa miezi na mafuta yako yanabaki humo na samaki. Sabuni ndio kabisa usiitaje.

Asubuhi: barabarani na Oxer Lookout

Julai jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu na kitu, na linazama karibu saa kumi na mbili jioni. Una mwanga wa masaa kumi na moja tu, na korongoni giza linaingia mapema kuliko juu. Amka gizani, chemsha chai, ila usiondoke kabla jua halijatoka vizuri. Kangaruu na ng'ombe wanavuka barabara alfajiri na jioni, na mnyama wa kilo sitini kwenye kioo cha mbele anamaliza safari ya wote wawili. Ukikutana na yale malori ya mabehewa, kwenye barabara kuu za huko yanafika zaidi ya mita 50 urefu, yape nafasi, usilipite mpaka uone barabara tupu mbali kabisa, na likikupita wewe shika usukani kwa nguvu maana upepo wake unavuta.

Dales mpaka maegesho ya Weano ni karibu saa moja. Sehemu kubwa ni lami. Kwa vipande vya vumbi uliza hali yake kituo cha wageni, kiko njiani, wanajua barabara ipi imefungwa na korongo gani limefungwa leo. Uliza hata kama jana ilikuwa wazi. Jiwe likianguka au mvua ikinyesha wanafunga, na ubao ukisema imefungwa imefungwa, hata kama umesafiri kilomita 1,400 na moyo unauma.

Ukifika, kabla ya kushuka popote tembea dakika chache mpaka Oxer Lookout. Hapo makorongo manne yanakutana chini yako, Weano, Hancock, Joffre na Red, kuta zinashuka kama mita 100. Kaa mbali na ukingo, mita mbili nzima, mawe ya pembeni yamelegea. Sababu ya kuanza hapa sio picha tu. Ukiona kwa juu jinsi maji ya makorongo yote yanavyomiminikia sehemu moja nyembamba, utaelewa habari ya mvua bila kuhubiriwa.

Na habari yenyewe ndiyo hii. Mvua ikinyesha, au mawingu mazito yakijikusanya hata kule mbali upande wa vilima, hushuki. Kama uko chini, unatoka, sasa hivi, picha acha. Ardhi ya Pilbara ni mwamba na udongo mgumu, mvua hainyweki, inakimbia yote, na inakimbilia kwenye ufa uliosimama wewe. Mbingu juu yako inaweza kuwa bluu tupu. Mwaka 2004 mwokoaji wa kujitolea alikufa humo ndani baada ya mafuriko ya ghafla kuwakuta wakati wa kazi ya uokoaji, na bwawa lililo mbele ya Kermits Pool, mwisho wa njia ya Hancock, limepewa jina lake, Regans Pool. Waokoaji wa huko wengi ni wakazi wa kawaida wanaoacha kazi zao kuja kukutoa wewe, na kumtoa mtu mmoja aliyevunjika mguu kunaweza kuchukua usiku kucha.

Hancock, yaani kazi yenyewe

Vibao vya hifadhi vinapanga njia kwa madaraja, 1 mpaka 6. Daraja la 1 kiti cha magurudumu kinapita, la 6 unahitaji kamba na ujuzi na kiongozi. Hancock kufika Kermits Pool ni daraja la 5. Soma ubao wote pale juu. Kama kwenye kundi lenu kuna mtu hajui kuogelea, au mtoto mdogo, au mtu anayeogopa kubanwa, ongea naye pale juu na sio katikati ya ngazi. Hakuna aibu, Weano ya juu ni rahisi na ni nzuri, akae huko na kitabu.

Ingia kama saa tatu na nusu mpaka saa nne. Mapema zaidi kunakuwa na giza na baridi kama friji, ukichelewa makundi ya watalii yanajaa na mnasubiriana kwenye sehemu nyembamba huku mmelowa. Jua linafika chini korongoni katikati ya mchana tu na kwa muda mfupi, unataka likukute ukiwa Kermits.

Unaanza na ngazi za mawe, halafu ngazi za chuma zilizofungwa kwenye mwamba. Shuka umeupa ukuta uso, sio mgongo. Kanuni ya wapanda milima ya pointi tatu iwe wimbo wako siku nzima: miguu miwili na mkono mmoja vimeshika, au mikono miwili na mguu mmoja, hakuna kuhamisha viwili kwa mpigo.

Chini unafika mahali maji yamejaa ukuta kwa ukuta. Hapo una njia mbili, kuogelea au kutambaa kwenye ukingo mwembamba wa mwamba pembeni juu ya maji. Watu wanaogopa maji wanachagua ukingo. Mimi nasema kama umevaa wetisuti au unajua kuogelea vizuri, ogelea, ukingo ndio unaoangusha watu kwa kuwa waliotangulia wameshaulowanisha na nyayo zao. Ingia polepole, baridi ya kwanza inakufanya uvute pumzi kwa nguvu bila kutaka, subiri pumzi itulie ndio uanze. Usiruke. Popote Karijini usiruke wala kupiga mbizi, mawe yako chini ya maji na rangi ya maji inayaficha, watu wameumia uti wa mgongo kwa ajili ya video ya sekunde kumi.

Ukivuka unatokea sehemu pana ambayo kuta zimejipanga ngazi ngazi, wanaiita Amphitheatre. Kaa hapo upumzike, kula kitu, na sasa angalia ukuta. Utaona mistari myembamba, mwekundu, wa kijivu cha bluu, mwekundu tena, mamia kwa maelfu, imelala sambamba. Hiyo ilikuwa tope la chini ya bahari miaka kama bilioni 2.5 iliyopita, kabla hapajakuwa na mti wala samaki wala kiumbe yeyote mwenye miguu. Vijidudu vya baharini vilianza kutoa oksijeni, chuma kilichokuwa kimeyeyuka majini kikashika kutu kikazama, tabaka juu ya tabaka. Ndicho chuma hiki hiki migodi ya Tom Price inachimba na kupeleka bandarini kwa treni za kilomita mbili na kitu. Weka kiganja ukutani, upande ambao jua halijafika, usikie ulivyo baridi na mzito. Mimi hapo huwa natulia kidogo hata kama nyuma kuna foleni.

Baada ya hapo ndio Spider Walk. Kuta zinakaribiana mpaka unaweza kugusa zote mbili, chini maji yanapita kwenye mwamba ulioteleza, kwa hiyo hutembei chini, unatembea ukutani. Mkono na mguu wa kushoto ukuta wa kushoto, mkono na mguu wa kulia ukuta wa kulia, unasukuma nje kama unataka kuzitenganisha, na unahamisha kiungo kimoja kimoja. Watu warefu inakuwa rahisi, mfupi anatafuta vijiukingo vya kukanyagia na vipo, angalia mahali mwamba umeng'aa kwa kukanyagwa. Nguvu iwe kwenye miguu. Anayeshikilia kwa mikono tu anachoka mita ya kumi. Kama kuna mtu anarudi, msubiri, hamuwezi kupishana humo kwa heshima.

Mwisho wake ni Kermits Pool, maji ya kijani, kuta zimepinda juu yake. Ndio mwisho wa kila mtu asiye na kiongozi. Mbele kuna kamba na mnyororo na ishara, na kila mara kuna kijana anayesema mi naenda kuchungulia tu. Aende na kampuni yenye kibali, wapo, wanatoa vifaa vyote.

Usikae majini muda mrefu hapo. Dalili ya mwili kupoa kupita kiasi sio kutetemeka tu, ni mtu kuanza kujikwaa maneno, vidole kukataa kushika, kuwa mkimya au mjinga mjinga ghafla. Ukiona hivyo mtoe majini, mvue nguo mbichi, jaketi kavu, sukari, na mpeleke juani. Joto nyuzi 30 juu halimsaidii akiwa kwenye kivuli chini.

Handrail Pool

Panda, kula chakula cha mchana juani, kunywa maji hata kama huna kiu, badilisha soksi. Saa saba hivi shuka Weano ya chini. Hii nayo ni daraja la 5 lakini fupi, na baada ya Hancock utajiona mtaalamu, sasa huko kujiona ndiko kunakovunja watu vifundo. Unapita maji ya magoti au kiuno kutegemea mwaka, korongo linabana mpaka linakuwa bomba, halafu sakafu inashuka ghafla na pembeni kuna bomba la chuma limefungwa ukutani. Hilo ndilo la kwenye jina. Geuka, uso kwa chuma, shuka kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye chuma, kiwiko kisinyooke kabisa. Tafuta kikanyagio kwa kidole kabla hujaweka uzito. Chini kuna ukumbi mkubwa wa duara uliojaa maji na sauti inarudi mara mbili tatu. Kupanda kurudi ni rahisi kuliko kushuka, usiwe na wasiwasi.

Kama umefika hapa na miguu inatetemeka, ruka Handrail. Kweli kabisa. Haitahama.

Jambo moja kuhusu mawe kabla hatujaondoka upande huu. Ukiona mwambani nyuzi nyuzi laini za bluu, kama pamba imebanwa kwenye jiwe, usiguse, usikwangue, usibebe kumbukumbu. Hiyo ni asbesto ya bluu. Kaskazini mwa hifadhi kuna Wittenoom, mji uliochimba hiyo kitu mpaka 1966, watu wengi waliofanya kazi na kuishi pale walikufa kwa magonjwa ya mapafu, mji umefutwa kwenye ramani rasmi na eneo zaidi ya hekta 46,000 limetangazwa kuwa limechafuka. Mtandaoni kuna watu wanapiga picha kule za mji uliohamwa na wanaona ni ujanja. Usiende, korongo la Yampire nalo hivyo hivyo. Vumbi lake hulioni na mapafu hayasahau.

Kurudi Dales, Fortescue na Fern Pool

Ondoka Weano kabla ya saa nane na nusu, utafika maegesho ya Fortescue Falls na masaa mawili ya mwanga mkononi. Unashuka ngazi nyingi, za chuma, imara, bibi anaweza akishika pembeni. Fortescue ndiyo maporomoko pekee hifadhini yanayotiririka mwaka mzima, maji yanatoka ardhini kwenye chemchemi, yanashuka juu ya mwamba wenye ngazi ngazi na watu wanakaa pale kama uwanjani.

Wewe usikae sana, endelea juu ya mto dakika kama kumi kwenye kinjia chenye miti mpaka Fern Pool. Hapa ni mahali patakatifu kwa Wabanjima, wenyeji wa nchi hii tangu enzi, na ombi lao liko wazi: ingia taratibu, bila kelele, usiruke ndani. Jina Karijini lenyewe ni lao, ndilo wanaloita safu hii ya milima ambayo ramani zinaiita Hamersley. Kwa hiyo spika ya bluetooth ibaki kwenye gari. Kuna jukwaa la mbao na ngazi ya kuingilia majini, unaogelea mpaka kwenye maporomoko mawili madogo upande wa pili, makangaga yananing'inia, mtini umeshika mwamba. Juu kwenye miti popo wakubwa wananing'inia wakigombana wenyewe kwa wenyewe, na ukikaa miguu majini bila kuitikisa samaki wadogo wanakuja kukudonoa nyayo. Inatekenya, wengine wanapiga yowe, na hapo ndio unakumbuka ombi la utulivu. Maji hapa baada ya Hancock utayaona ya uvuguvugu, na hii ndio faida ya kufuata ratiba yangu.

Kama bado mna nguvu na ni kabla ya saa kumi kamili, kuna njia ya chini ya korongo la Dales kutoka Fortescue, kama kilomita mbili, daraja la 4, unaruka mawe na kuvuka vijito, halafu unapanda na kurudi kwa juu ukingoni. Ila ukweli ni kwamba hiyo inastahili asubuhi yake mwenyewe. Mwamba wa Dales umekuwa maarufu mpaka wanajiolojia wameliita tabaka zima la chuma kwa jina lake, kuupita mbio giza likikufukuza ni hasara. Iweke kesho. Na kama mna watoto wadogo, basi kesho hiyo hiyo fikiria Kalamina, korongo pole, maji mafupi, njia haina vituko, ila barabara yake ni ya vumbi kwa hiyo punguza upepo wa matairi kidogo na usikimbie kwenye ile mikunjo.

Toka korongoni saa kumi na moja jioni. Ukiwa na watu wanaopenda picha waambie ile rangi nyekundu ya jioni inaonekana vizuri kutoka juu, kwenye ukingo, na ile mieukalipti yenye magome meupe inasimama vizuri sana mbele yake. Angalia tu usikae kwenye majani ya spinifeksi, yanaonekana laini kwa mbali na kila moja ni sindano, ncha inakatikia ndani ya ngozi.

Kambini, osha chumvi na vumbi kwa kitambaa na kikombe cha maji, wala sio ndoo. Viatu vilivyolowa anika juani kama limebaki, ila usiku viingize ndani ya gari, usiviache nje ya hema. Dingo wa Dales, yaani mbwa mwitu wa huko, wanaiba viatu, naongea serious, wanapenda harufu, na kiatu kimoja cha korongo hakina kazi. Chakula chote, takataka zote, na friji pia, ndani ya gari na milango imefungwa. Usiwarushie hata mfupa, dingo akizoea watu anakuwa hatari kwa watoto na mwisho wake anauawa. Watoto wasitembee peke yao kwenda chooni usiku.

Kula vizuri, wanga mwingi, kunywa maji mpaka mkojo uwe mweupe. Kesho mapaja ya ndani yatauma kwa ajili ya Spider Walk, ni kawaida, siku mbili inaisha. Kabla ya kulala cheki mawingu upande wa magharibi na kaskazini, na ukipita kituo cha wageni asubuhi uliza tena hali ya hewa na makorongo yaliyofungwa ndio upange Dales au Kalamina.